Zamu ya Mlinzi

Nimebonyeza herufi moja. Haijaja.
Nangoja. Nje, theluji ya Gyumri imepanda hadi ngazi ya pili;
ndani, kompyuta inakoroma kama mgonjwa wa pumu,
kikombe kinagongana na kisahani chake, kri, kri,
nami, kwa mazoea ya watu wa mji huu,
nainua macho kwanza kwenye taa ya dari.
Haibembei.
Ni feni tu.

Herufi imefika. Ni A, ya Anahit,
aliyebatizwa mwezi Machi, baba yake fundi viatu.
Kazi yangu ndiyo hiyo: vitabu vya parokia,
wino uliofifia, kingo zilizotafunwa na panya,
picha elfu arobaini nilizopiga kwa mkono wangu,
na kila nikifungua moja
kuna mtu ananitangulia mlangoni.

Nimemtafuta kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi.
Si virusi. Si mwizi.
Ni mlinzi, aliyekuja na mashine tangu kiwandani.
Asilimia tisini na moja ya nguvu zote ni zake;
mimi na wafu wangu tunagombania makombo.
Anampekua Anahit. Anampekua fundi viatu.
Jana aliwapekua, na juzi,
na kila siku anawakuta hawana silaha.

"Mzime, shangazi," anasema Hrach kwenye simu, yuko Marseille,
"mimi wangu nilimzima zamani."
(Ni Hrach huyu huyu aliyepoteza picha zote za harusi yake.)
Nimeweka mshale juu ya kitufe.
Kidole kimegoma.

Kwa maana ukumbini zinapita ndara za mama.
Arpenik, miaka themanini na mitatu:
valvu ya gesi, komeo, dirisha, valvu ya gesi.
Ndara zinaburura, zinatua, zinarudi.
Alianza usiku wa kwanza tulipopata tena nyumba yenye kuta,
baada ya misimu miwili ya baridi ndani ya kontena la bati,
na hajapumzika hata leo.
Usiku hatulali, nyumba nzima, kwa ajili ya usalama wetu.
Lakini nani atamwambia kwamba ardhi imeacha?

Basi sikumzima. Nilimpa masharti, kama mtu anayeheshimiwa.
Nguvu: asilimia ishirini, asizidi.
Ukaguzi mkuu: usiku wa kuamkia Jumapili, saa tisa,
mashine ikiwa haina mtu.
Mlangoni abaki, mchana kutwa, hapo sina neno.
Na folda moja, moja tu, asiiguse: ile ya vitabu.
Ile ya vitu vinavyotoka mtandaoni
aipekue mpaka soli za viatu.

Feni ikashuka. Nikasikia saa ya ukutani,
ambayo nilidhani imekufa.
Anahit akaolewa, akarudi kanisani na watoto watatu
kabla sijamaliza chai.

Jumamosi jioni nikajipa moyo.
"Mama, gesi nitaikagua mimi saa tatu. Wewe, saa tano. Basi."
"Na katikati?"
"Katikati hakuna anayepika."
Akakunja leso, akaikunjua. Alikuwa anapiga hesabu.
"Saa tano na nusu," akasema.
Nikakubali.

Usiku, nyumba kimya.
Saa sita. Saa saba.
Hakuna ndara.
Saa tisa taa ndogo ya kompyuta ikaanza kupepesa,
mlinzi anafanya yake, polepole, ishirini kwa mia,
na mimi macho makavu, nakisikiliza kimya
kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja.

Nikaamka, miguu peku, sakafu barafu.
Nikaigusa valvu.
Imefungwa.
Nilijua imefungwa.
Nikaigusa tena.